Vigae vya kubandika juu ya niru: pima unyevu kabla hujafungua boksi

Swali: Shikamoo fundi. Nipo Nzuguni, Dodoma. Sebule yangu ni mita 3.6 kwa 4.2, sakafu ni niru nyekundu ya zamani (saruji iliyosuguliwa ikawa laini), ina nyufa mbili tatu, na karibu na mlango inatoa vumbi kila nikifagia. Nimeagiza Kariakoo vigae vya vinili vya kubandika, vile vya sentimita 30.5 kila upande, boksi tano za vipande 30. Fundi mmoja ananiambia nivunje sakafu yote nimwage upya. Mwingine anasema menya karatasi, bandika, kazi ya saa mbili. Dada yangu wa Chamwino alibandika vyake mwaka jana, baada ya miezi minne pembe zikajikunja kama ngozi iliyoanikwa juani. Naweza kufanya mwenyewe? Na nifanyeje visinyanyuke? – Mama Eliya

Jibu: Marahaba, Mama Eliya. Unaweza kufanya mwenyewe. Anayeweza kukata kitenge bila kukipinda anaweza kubandika vigae hivi, na nimeona akina mama wakikata kando za ukuta vizuri kuliko vijana wangu. Ila hao mafundi wako wawili uwaache wote. Wa kwanza anakutafutia gharama. Wa pili anasema kweli kuhusu saa mbili za kubandika, lakini hajakutajia siku tatu nne za kuandaa sakafu, na kazi yenyewe iko humo.

Gundi iliyo nyuma ya kigae haichagui. Inashika kitu cha kwanza inachokutana nacho. Ikikutana na vumbi inashika vumbi, na hilo vumbi lenyewe halijashikwa na kitu. Ikikutana na nta ya sakafu inashika nta. Kwa hiyo unaposikia mtu analalamika kwamba vigae vya Kichina havina gundi, mwambie akigeuze kimoja aangalie nyuma. Mara nyingi gundi ipo yote, imevaa koti la unga wa saruji.

Lakini nianze na maji, maana hapo ndipo hata mimi nilipoaibika. Niliwahi kubandika chumba kizima huko Kikuyu, hapahapa Dodoma, mwezi wa tisa. Sakafu ilikuwa kavu kama mfupa, nikaipiga brashi, nikapaka praima (ule mpako wa kwanza unaoiandaa sakafu ishike gundi), kazi ikatoka safi, mwenye nyumba akanipa na soda. Mwezi wa pili akanipigia simu. Nilipofika, nikikanyaga kigae kinatoa sauti ya kunyonya, na pembezoni gundi imetoka nje, nyeupe, inavutika kama maziwa ya mgando. Vipande 40 hivi nilivitoa kwa vidole, bila hata kisu.

Dodoma inatudanganya kwa ukavu wake. Mvua zetu kwa wastani ni kama milimita 550 mpaka 600 kwa mwaka, na karibu zote zinashuka kati ya Desemba na Aprili. Miezi saba mingine ardhi imekauka, hewa imekauka, na jamvi la nyumba, yaani zege la sakafu, nalo limekauka. Mvua zikianza, udongo chini ya nyumba unalowa, maji yanapanda taratibu kupitia vitundu vya zege. Ukiwa na niru tupu hujui kitu, kwa sababu unyevu unafika juu na kupotea hewani. Ukiifunika kwa vinili, ambayo haipumui, unyevu unakosa pa kwenda. Unakusanyika chini ya kigae, na unapanda pamoja na magadi ya saruji yanayolainisha gundi mpaka iwe uji.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua nailoni inayoonyesha, kata vipande vya sentimita 50 kwa 50, uvibandike sakafuni kwa selotepu pana pande zote nne, hewa isipite. Weka kimoja karibu na ukuta wa nje, kimoja katikati, kimoja karibu na ukuta unaopakana na bafu kama upo. Acha saa 24 kamili au zaidi. Ukikuta matone chini ya nailoni, au niru imebadilika rangi na kuwa nyeusi kuliko pembeni, sakafu hiyo ina maji, usibandike.

Sasa ukipima mwezi wa tisa kama nilivyofanya mimi, nailoni itatoka kavu na utafurahi bure. Ndiyo maana siku hizi swali langu la kwanza kwa mteja ni hili: mkeka au kapeti lililopo sasa, ukiliinua mwezi wa pili, chini yake unakuta nini? Kama pana jasho au harufu ya uvundo, umeshapata jibu. Angalia pia miguu ya kuta. Rangi inayobanduka sentimita chache juu ya sakafu, au chumvi nyeupe inayotoka kwenye plasta kama unga wa muhogo, ni dalili kwamba maji yanapanda. Na kama aliyekujengea bado yupo, muulize kama alitandika nailoni chini ya jamvi kabla ya kumwaga zege. Wengi hawakutandika. Nyumba ikiwa na dalili hizi, mimi ningekushauri uuze hivyo vigae uweke marumaru za kawaida kwa saruji, kwa sababu zenyewe hazisumbuliwi na unyevu, au utandike kapeti la plastiki bila gundi, unaloweza kuliinua likapigwa na upepo.

Kama sebule yako imepita mtihani huo, tuendelee na niru.

Niru nyekundu za zamani nazijua. Mama zetu walizipaka nta kila Jumamosi mpaka unajiona sura, na wengine walidekia maji yenye mafuta ya taa ili sakafu ing'ae na sisimizi wakimbie. Vyote hivyo vimeingia ndani ya saruji. Fanya hivi: dondosha matone machache ya maji sehemu tano tofauti, usimame uangalie. Mahali tone linapokaa juu limejiviringa kama shanga, pana nta au mafuta. Mahali linaponywewa kabla hujahesabu mpaka sitini, saruji ina kiu na itainyonya gundi pia, kwa hiyo panahitaji praima. Sebule kama yako huwa na vyote viwili: nta chini ya makochi ambako hapakanyagwi, kiu karibu na mlango.

Nta inatoka kwa maji ya moto, sabuni ya unga na brashi ngumu ya nyuzi, magoti chini. Hakuna njia ya mkato. Usitumie petroli, hata ukiona mwingine anatumia. Mvuke wake unatembea chini chini mpaka ufike jikoni kwenye moto. Sugua, kausha povu kwa kitambaa, suuza mara mbili, kisha rudia tone la maji. Ukisuuzia maji ya kisima chenye chumvi, na hapa mjini visima vingi vina chumvi, usiyaache yakauke yenyewe kwa sababu yanaacha ukungu mweupe ambao gundi haiupendi. Yafute kwa kitambaa kikavu.

Pale mlangoni panapotoa vumbi, kwaruza kwa msumari. Msumari ukiacha mstari mweupe tu, msasa namba 40 au 60 utakutoa: nyunyiza maji kidogo vumbi lisiruke, vaa barakoa kwa sababu vumbi la saruji linaharibu mapafu, sugua mpaka ufikie sehemu ngumu. Msumari ukizama na kuchimba kama kwenye udongo, niru hiyo imekufa, fundi aliweka mchanga mwingi. Toa kipande hicho tu na ukipige upya. Halafu saruji mpya inataka siku 28 kwa uchache kabla ya kuifunika. Na hapa ndipo ushauri wa kuvunja sakafu yote unapokuwa mbaya kuliko unavyoonekana. Kanuni ya mafundi ni kwamba zege hukauka kwa mwendo wa mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Jamvi jipya la sentimita 10 litakusubirisha miezi minne, na vigae vyako vimekaa kwenye boksi.

Ukimaliza, bandika kipande cha selotepu sakafuni, kikandamize kwa kidole gumba, kivute. Kikitoka na unga, rudi kwenye ufagio na kitambaa chenye unyevu. Kikitoka kisafi na kimekataa kataa kidogo kubanduka, umefika.

Nyufa: ule mwembamba kama unywele uache, praima itaupita. Ule unaoingia kucha uufungue kidogo kwa patasi, utoe uchafu, uulowanishe, uuzibe kwa saruji iliyokorogwa na maji ya praima ya akriliki, uusawazishe kwa mwiko mpaka kiganja kikipita kisihisi kitu. Vinili ya milimita moja na nusu au mbili ni laini. Kokoto moja, donge moja la saruji, baada ya wiki mbili litaonekana juu kama chunusi. Wenzangu wanapenda kuziba nyufa kwa jasi iliyobaki kwenye dari, kwa kuwa ipo na ni rahisi, na tunaichimba hapo Itigi tu. Sakafuni usiitumie, ikipata unyevu inalainika na kugeuka unga. Mimi naitumia kwa kazi moja: unapaka utepe mwembamba wa jasi kukatiza ufa, unaacha wiki mbili. Utepe ukikatika, ufa bado unatembea na msingi wako unacheza. Kwenye maeneo yenye udongo mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, hilo ni jambo la kawaida, na kigae kitapasuka au kuachana hapohapo juu ya ufa.

Kisha praima. Ulizia dukani praima ya akriliki ya sakafu. Paka mkono wa kwanza umeipunguza kwa maji kama kopo linavyosema, ukikauka paka wa pili bila maji. Utaambiwa gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji inatosha. Haitoshi: ikipata unyevu inayeyuka tena, na vigae vinaelea juu yake kama mtumbwi. Na usipake gundi ya viatu ukidhani unaongezea nguvu. Dawa iliyomo inalainisha gundi ya kigae na kukivimbisha chenyewe.

Nije kwenye hesabu, maana hapo muuzaji amekupunja au hakupima. Kigae cha sentimita 30.5 kinafunika mita za mraba 0.093. Vipande 150 ni karibu mita za mraba 14, na sebule yako ni 15.12. Na vipande vya kando vinakatwa, mabaki yake hayatumiki mahali pengine. Ukihesabu mistari, utahitaji 12 kwa upana na 14 kwa urefu, yaani 168. Nunua boksi la sita uwe na 180, zikubakie 12 za akiba. Linunue kabla hujaanza, na hakikisha namba ya toleo iliyopigwa kwenye boksi inafanana na ya mengine, kwa sababu rangi ya toleo moja na jingine hupishana kidogo, ukaja kuona mstari katikati ya sebule mchana jua likiingia.

Boksi zote zilaze bapa katika sebule hiyohiyo saa 48 kabla ya kazi. Vigae vilivyotoka kwenye buti la basi lililopigwa jua vimetanuka. Ukivibandika hivyo, usiku vinasinyaa na kuacha nafasi. Joto zuri la chumba ni kati ya nyuzi 18 na 29. Asubuhi za Juni na Julai hapa kwetu gundi inakuwa ngumu kama sabuni ya mche, na alasiri za Oktoba chini ya bati lisilo na dari joto linapita 30. Mimi naanza saa tatu asubuhi, naacha saa sita, narudi jioni. Funga madirisha wakati wa kubandika. Nzuguni kwenu upepo unaleta vumbi jekundu bila hodi, na dakika moja tu inatosha kuharibu gundi uliyoifunua.

Usianzie ukutani. Kuta zetu hazinyooki, na ukifuata ukuta uliopinda utafika upande wa pili na pembetatu. Tafuta katikati ya kila ukuta, pigia uzi wa chaki, upate msalaba katikati ya chumba. Kagua kama umekaa skwea, yaani pembe mraba: kutoka kwenye makutano pima sentimita 90 kwa mstari mmoja, 120 kwa mwingine, halafu kati ya alama hizo mbili. Ukipata 150 kamili, sawa. Usipopata, sogeza mstari, siyo futi. Kisha panga vigae bila kumenya karatasi, kutoka katikati mpaka ukutani. Kwako upande wa mita 3.6 utaingiza vitano vizima na kubakiwa na sentimita 27.5, upande wa 4.2 vitaingia sita na kubaki 27. Ni vizuri sana. Kama baadaye utaendelea na korido ya mita 1.25, hesabu hiyohiyo itakuachia kijiutepe cha sentimita moja na nusu kila upande, na kitu chembamba hivyo hakikai. Hapo unasogeza mstari kwa nusu kigae, kando zinakuwa karibu sentimita 17.

Nyuma ya kila kigae kuna mshale. Vyote vielekee upande mmoja, au ugeuze kimoja ndiyo kimoja siyo kama unataka mchoro wa mkeka, ila uamue kabla. Menya karatasi ya kigae kimoja kwa wakati. Kishike kwa kando, vidole visiguse gundi. Gusisha ukingo mmoja kwenye mstari au kwenye ukingo wa mwenzake, ukiwa umekiinua kidogo kama unavyofunga kitabu, kisha kiachie kilale. Usikiteleze kukisogeza, kikiteleza gundi inajikusanya ukingoni na hutakifunga tena. Kimekaa vibaya? Kiinue palepale, dakika ya kwanza bado inakusamehe. Kandamiza kutoka katikati kwenda nje ili hewa itoke. Kigae cha kwanza kikae kwenye kona ya msalaba, cha pili na cha tatu pembeni yake, uendelee kupanda kama ngazi mpaka robo ya chumba iishe, ndipo uhamie robo nyingine. Makaratasi uyatupie kwenye kiroba kila unapomenya. Yanateleza kuliko ganda la ndizi, na watoto watapita tu.

Kampuni zinataka sakafu ipitishiwe rola la kilo 45. Huna, na sidhani utapata la kukodi kirahisi. Chukua kifimbo cha kusukumia chapati, piga magoti, egemea kwa uzito wako wote, pita kila kigae mara mbili, msalaba. Ukingoni rudia. Kifimbo hicho kimenifanyia kazi nyingi kuliko vifaa vingi nilivyonunua.

Kando ya ukuta usipime kwa futi. Laza kigae kizima, hakijamenywa, juu kabisa ya kigae cha mwisho ulichobandika, kando kwa kando. Juu yake weka kingine na ukisukume mpaka kiguse ukuta. Ukingo wa hicho cha juu unaangukia juu ya cha katikati: chora hapo. Kikate cha katikati kwa kisu na rula ya chuma, mkwaruzo mara mbili kisha ukivunje. Kipande kilichokuwa wazi, upande wa katikati ya chumba, ndicho kinachoingia kwenye nafasi, hata kama ukuta umepinda. Kuzunguka fremu ya mlango kata kwanza kiolezo cha boksi. Mlangoni funika ukingo kwa utepe wa alumini, kwa sababu kigae cha kwanza kunyanyuka huwa ni hicho kinachopigwa na kila mguu unaoingia.

Unaweza kuikanyaga siku hiyohiyo, ila makochi na kabati yasubiri kesho, na usiyaburute; weka blanketi chini. Usideki siku tano. Baada ya hapo ni kitambaa chenye unyevu tu. Ule utaratibu wetu wa kumwaga ndoo na kuyasukuma maji kwa ufagio mpaka barazani uuage kabisa, maji yanaingia kwenye maungio. Mikeka yenye mpira chini inaacha doa la njano lisilotoka, tumia ya kitambaa. Pazia uliteremshe mchana, hasa kwa dirisha la magharibi. Na jiko la mkaa lisiingie sebuleni hata siku ya baridi. Kaa moja linatoboa, na joto la jiko peke yake linalainisha gundi.

Dada yako wa Chamwino asinunue vigae vingine bado. Apashe kimoja kwa kikausha nywele, akibandue, akigeuze. Akikuta unga mkavu, tatizo lilikuwa vumbi, na vile ambavyo havijanyanyuka vitafuata. Akikuta gundi inang'aa, safi, na sakafu nayo inateleza, ni nta. Akikuta gundi nyeupe imelainika na harufu ya uvundo, ni maji, na hapo kubandika upya ni kutupa hela. Aniandikie alichokiona, na aseme ni kona gani ya nyumba.